Jicho la Hofu Huona Upesi, Wala Halioni Zaidi

Ingia katika darasa la shule ya msingi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, pande za Cheptais au Kopsiro katika Kaunti ya Bungoma, na huenda ukakutana na mwanafunzi wa aina hii. Mwalimu anaandika hesabu ubaoni. Wenzake wanaifuata chaki, yeye anaufuata mkono ulioishika. Upepo ukisukuma mlango, yeye ndiye wa kwanza kugeuka na wa mwisho kurudi kwenye daftari. Pikipiki ikipita barabarani, anaisikiliza hadi mlio upotelee mbali, na kufikia hapo hesabu ya kwanza imekwisha kufutwa. Muhula ukiisha, ripoti itasema hana umakini. Hukumu hiyo imekosea. Umakini anao, pengine mwingi kuliko wa jirani yake wa dawati, ila ameuelekeza kwenye ulinzi wa nafsi yake na hakubakisha wa kutosha kwa masomo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba wasiwasi haumpi mtu macho bora ya kuona hatari. Humfanya aione upesi, aione hata mahali isipokuwapo, na apitwe na mengine mengi yaliyo mbele yake. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi kumkaripia mwenye wasiwasi hakufai kitu, na kumwacha alivyo akisifiwa kwamba yuko macho hakufai pia.

Hofu ya eneo hili ina historia inayojulikana. Mradi wa makazi wa Chebyuk, ulioanza mwaka 1971 ili kuwapa ardhi watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, ulizaa mgogoro uliodumu kwa miongo kadhaa. Mwaka 2006 kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, likiongozwa na Wycliffe Matakwei, lilianza kuua, kuteka watu nyara na kuwakata masikio. Kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, watu zaidi ya 600 waliuawa na kundi hilo, na makumi ya maelfu wakayahama makwao. Mnamo Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Matakwei aliuawa Mei mwaka huohuo, lakini wanaume wengi wa vijijini walikuwa wamezolewa, wengine wakateswa kambini Kapkota, na wapo ambao jamaa zao wanawasubiri mpaka leo. Katika kaunti jirani ya Trans Nzoia, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo Tume ya Waki iliyoyachunguza ilisema yaliua watu 1,133 nchini kote, yaliugeuza uwanja wa maonyesho wa Kitale kuwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Mwaka 2013 magenge yenye mapanga yalivamia watu usiku majumbani mwao Bungoma na Busia. Mtoto aliyekuwa na miaka minane SLDF ilipoanza kuua sasa ni mtu mzima: ni mzazi, ni mwalimu, ni mwendeshaji bodaboda, ni askari. Macho yake yalifunzwa kazi wakati ule.

Wanasaikolojia walianza kulipima jambo hili kwa makini mwaka 1986, Colin MacLeod, Andrew Mathews na Philip Tata walipochapisha jaribio walilofanya London. Mtu huketishwa mbele ya kompyuta. Maneno mawili yanatokea kwa nusu sekunde, moja juu na jingine chini. Moja ni la kutisha, tuseme "jeraha", na jingine ni la kawaida, tuseme "meza". Yote mawili yanatoweka, na mahali pa mojawapo panatokea nukta. Kazi ya mtu ni kubonyeza kitufe mara tu aionapo. Wagonjwa wa wasiwasi waliiona nukta upesi zaidi ilipotokea mahali palipokuwa na neno la kutisha, kwa sababu umakini wao ulikuwa umekwisha kutua pale. Wasio na wasiwasi hawakuwa hivyo. Tofauti yenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ni katika muda huo mdogo ambapo ubongo huamua kitu gani kishughulikiwe na kipi kiachwe. Mwaka 2007 Yair Bar-Haim na wenzake walikusanya tafiti 172, zilizohusu zaidi ya watu 2,200 wenye wasiwasi na karibu 1,800 wasio nao. Walikuta mwelekeo huo kwa watoto na kwa watu wazima, kwa maneno na kwa picha. Kwa wasio na wasiwasi haukuonekana.

Ndani ya mwelekeo huo kuna mambo mawili, na ni vyema kuyatenganisha. La kwanza ni kasi ya kuona. Mwaka 2001 Arne Öhman na wenzake nchini Sweden waliwapa watu picha za nyoka na buibui zilizochanganywa na picha za maua na uyoga, wakawataka watafute ile iliyo tofauti. Watu wote walimpata nyoka kati ya maua upesi kuliko walivyopata ua kati ya nyoka, na waliokuwa wanaogopa nyoka walimpata upesi zaidi. Urithi huu ni wa kale kuliko binadamu mwenyewe. Katika utafiti maarufu wa Amboseli uliochapishwa mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha kwamba tumbili wana mlio wao kwa chui, mwingine kwa tai na mwingine kwa nyoka. Miaka mingi baadaye Lynne Isbell alionyesha kule Laikipia kwamba tumbili hushtuka hata wakionyeshwa kipande kidogo tu cha ngozi ya nyoka chenye magamba. Kwa hiyo kushtuka si ugonjwa. Ugonjwa huanzia kwenye jambo la pili, yaani kunata. Elaine Fox na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba mwenye wasiwasi, jicho lake likishatua kwenye uso wenye hasira au neno la kutisha, huchelewa kuling'oa pale. Mtu wa kawaida hushtuka, huangalia, kisha huendelea na shughuli zake. Mwenye wasiwasi hushtuka, huangalia, na hubaki hapohapo.

Wahenga waliliona hili bila maabara waliposema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini methali hiyo ina nusu ya habari. Inatueleza anachokiona aliyeumwa, haitwambii anachokosa kukiona akiwa anautazama ule unyasi. Umakini ni kama mwanga wa tochi: ukiukaza kwenye sehemu moja, sehemu hiyo hung'aa na pembeni huzidi giza. J. A. Easterbrook aliandika mwaka 1959 kwamba msisimko wa hofu hupunguza idadi ya ishara ambazo mtu anazitumia kuelewa yaliyo mbele yake. Mwaka 1987 Elizabeth Loftus na wenzake walilionyesha hilo kwa njia rahisi sana. Waliwaonyesha watu picha za mteja kwenye foleni ya mkahawa. Katika picha za kundi moja alimnyooshea mhudumu hundi, katika za kundi jingine alimnyooshea bastola. Walioona bastola waliitazama mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na baadaye walikuwa dhaifu zaidi katika kuutambua uso wa mwenye bastola. Jicho lilikuwa limefanya kazi yake barabara kwenye chuma, likausahau uso.

Mahakama zetu zina busara ya siku nyingi kuhusu hili, ingawa hazikuipata kwa wanasaikolojia. Katika kesi ya Abdalla bin Wendo ya mwaka 1953, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa pale ambapo mazingira ya kumtambua mtu yalikuwa magumu. Kesi ya Roria ya mwaka 1967 ilikazia tahadhari hiyo, na majaji wa Kenya wameirudia tangu wakati huo hadi leo. Mwenye kuvamiwa usiku Webuye au Kiminini anaweza kueleza panga lilivyokuwa, urefu wake na mpini wake, akaapa kwa moyo mweupe kwamba aliyelishika ni fulani, na bado akakosea. Hasemi uongo. Anatoa kwa uaminifu kile macho yake yalichokusanya, na macho yalikusanya panga. Sasa fikiria uzito wa jambo hilo mlimani mwaka 2008, wanaume walipopangwa mistari na kupitishwa mbele ya watoa habari ili wanyooshewe vidole. Waliokuwa wakinyoosha vidole walikuwa na hofu, na waliokuwa wakinyooshewa walikuwa na hofu, hivyo hata pale pasipokuwa na chuki wala shinikizo, chombo chenyewe cha utambuzi kilikuwa kimeharibika. Anayedai kwamba hofu humfanya mtu shahidi bora ajibu kwanza hoja hiyo.

Kuna hatari nyingine ya jicho la hofu: hujaza pengo. Dunia ya kawaida haitupi nyoka na maua. Hutupa nyuso ambazo hazieleweki vizuri, kicheko ambacho hujui kinamcheka nani, mtu mgeni aliyesimama njia panda. Seth Pollak na wenzake, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani, waliwaonyesha watoto picha za nyuso zilizokuwa zikidhihirika polepole. Watoto waliopigwa na kuumizwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakati uso ungali hafifu. Uso uliochanganya hasira na hisia nyingine, nao walielekea kuusoma kuwa wa hasira. Ukisoma matokeo hayo haraka utasema hao ni watoto mahiri, na kwa kweli katika nyumba ile umahiri huo uliwakinga. Taabu huanza wanapoupeleka darasani na uwanjani, ambako mwalimu aliyekunja uso kwa sababu ya jua anasomwa kama mwalimu aliyekasirika, na mwenzao aliyewagusa bega kwa bahati mbaya anajibiwa kwa ngumi. Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikathibitisha katazo hilo. Sababu ya haki ilitosha kabisa. Lakini hii ni sababu ya pili, ya ufundi wa kufundisha: mtoto anayetarajia kupigwa ataukodolea macho mkono wa mwalimu, na mwenye kuukodolea macho mkono hasomi ubao.

Hapa atasimama mzee wa Kopsiro na kupinga, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema: waliobaki hai mlimani ni wale waliokuwa chonjo. Walioona mapema mwanga wa tochi shambani, walioshtuka mbwa walipobweka, ndio waliokimbia na watoto wao. Leo mnatwambia tulikuwa wagonjwa? Jibu ni hapana. Wakati hatari ipo kila usiku, kushtuka mara kumi bure ili uokoke mara moja ni biashara ya halali, na aliyeifanya hakukosea. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba tahadhari ilifaa wakati ule. Haithibitishi kwamba jicho linajua lini wakati ule umekwisha. Ushahidi unaelekeza kwamba halijui. Tena hata wakati wa hatari yenyewe jicho halikadirii sawasawa. Bar-Haim na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu Waisraeli waliokuwa wakiishi chini ya makombora karibu na mpaka wa Gaza. Waliokuwa karibu zaidi na hatari hawakuzidi kuyatazama maneno ya vitisho. Waliyakwepa, na kukwepa huko kulikwenda pamoja na dalili za kiwewe. Hivyo basi jicho lenye hofu linaweza kung'ang'ania au kukimbia, na katika hali zote mbili limeacha kufuata kipimo cha hatari iliyopo. Kuwa chonjo kwa kweli ni kuangalia, kupima, na kuweza kuacha. Uwezo wa kuacha ndio unaopotea.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya sayansi yenyewe, na lina nguvu zaidi. Jaribio la nukta limeshambuliwa sana. Mwaka 2005 Stefan Schmukle alionyesha kwamba mtu yuleyule akipimwa mara mbili hupata matokeo yasiyolingana. Mwaka 2019 Anne-Wil Kruijt, Sam Parsons na Elaine Fox, huyuhuyu niliyemtaja juu, walichambua vipimo vya awali vya wagonjwa walioshiriki majaribio ya tiba, wakasema hawakuona ushahidi kwamba wagonjwa hao wa wasiwasi na wa kiwewe walielekeza umakini kwenye vitisho kwa kipimo hicho cha nukta. Mwandishi mwenye kutetea hoja yangu hawezi kuyaruka hayo. Kinachoanguka, nionavyo, ni dai kwamba kompyuta ndogo na nukta zinaweza kumwambia mwalimu wa Chwele au daktari wa Kitale mtoto gani ana wasiwasi. Wala wastani wa Bar-Haim usichukuliwe kama sheria ya kila mtu. Kinachobaki kinasimama kwa miguu mingine. Richard McNally na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba maveterani wa Vietnam wenye kiwewe walichelewa kutaja rangi ya wino wa maneno kama "mfuko wa maiti", kwa sababu maana ya neno iliwakamata kabla ya rangi. Tafiti za bastola zilifuatilia mwendo wa macho yenyewe. Na katika orodha za dalili za kiwewe ambazo matabibu wengi wanazitumia, kukaa chonjo kupita kiasi na kushindwa kutuliza akili kwenye kazi vimeandikwa pamoja, maana wagonjwa wenyewe hulalamikia vyote viwili.

Mashaka hayo yana faida moja kubwa kwetu: yanatuepusha na njia ya mkato. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na matumaini kwamba wasiwasi ungetibiwa kwa mazoezi ya kompyuta yanayolifundisha jicho kuelekea upande wa neno zuri, mamia ya nukta kwa siku. Ingekuwa hivyo, serikali ya kaunti ingenunua vishikwambi, iweke programu, ipige picha za uzinduzi na kumaliza. Uchambuzi wa Ioana Cristea na wenzake wa mwaka 2015 ulikuta kwamba faida ya mazoezi hayo ni ndogo, na hata hiyo ndogo ilionekana kuvimbishwa na tafiti dhaifu. Jicho halitibiwi likiwa peke yake. Linaongozwa na kile mtu anachoamini kuhusu dunia, na imani hiyo hubadilika anapokaa na mtu anayemwamini, akaitazama tena ile habari ya kutisha bila kuikimbia, akagundua kwamba kuikumbuka hakumrudishi ndani yake.

Ushahidi mzuri wa njia hiyo umetoka Bungoma yenyewe. Mwaka 2020 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha jaribio lililoongozwa na Shannon Dorsey na wenzake, lililohusu watoto 640 wa miaka saba hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na waliokuwa na dalili za kiwewe. Nusu yao walitoka Bungoma na nusu eneo la Moshi nchini Tanzania. Upande wa Bungoma kazi ilifanywa na shirika la Ace Africa. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida wa pale, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, wakajifunza kupumua na kutuliza mwili, kuzitaja hisia zao, na kuzipima fikira zinazowatisha. Kisha kila mmoja alikaa na mshauri wake mara chache faraghani, akasimulia kifo cha mzazi hatua kwa hatua, pamoja na sehemu ile aliyokuwa akiikwepa. Walezi nao walihudhuria vikao vyao. Bungoma, mjini na vijijini, dalili zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida, na tofauti hiyo ilikuwapo bado mwaka mmoja baadaye. Upande wa Moshi tofauti haikudumu. Jaribio hilo halikupima mwendo wa macho, nami silitumii kuthibitisha nisichoweza. Lilipima kiwewe, na kukaa chonjo ni kiungo kimoja cha kiwewe hicho. Mpango uliofuata, unaojulikana Bungoma kwa jina la Pamoja Tunaweza, uliwakabidhi kazi hiyo walimu na wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, jambo linaloleta ujuzi huo katika shule ileile ambamo ripoti zinaandika kwamba mtoto hana umakini.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kigeni, na kwamba mtu wa Kitale mwenye wasiwasi ana kanisa lake, ana msikiti wake, ana wazee wake. Sina ugomvi na kanisa wala msikiti. Aliyepata utulivu huko na alale salama. Lakini anayesema tiba ya maneno haiwafai watu wetu ana deni la kueleza matokeo ya Bungoma, na si hayo peke yake. Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia. Vikao vitano vilivyoendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii viliwapunguzia mateso ya moyo. Mashariki mwa Kongo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake ulionyesha nafuu kubwa kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, ingawa wengi waliendelea kuishi katika vijiji visivyo na amani. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa waliwatibu wakimbizi wenzao. Katika sehemu zote hizi tiba ilizungumzwa kwa lugha za wenyeji na kutolewa na majirani.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la anayesema hatari haijaisha. Ardhi ya Chebyuk bado ina maneno. Familia za waliotoweka hazijapata majibu ya kuridhisha. Kila uchaguzi ukikaribia, Trans Nzoia kuna watu wanaoanza kuhesabu majirani. Kumwambia mtu wa namna hiyo avute pumzi na kutuliza macho ni kumkejeli. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Hakuna ushauri nasaha unaoweza kuziba nafasi ya hatimiliki, ya uchunguzi wa haki, au ya polisi anayefika anapoitwa. Anayetoa tiba badala ya haki anawahadaa watu. Hata hivyo, hoja hiyo haifuti hitaji la tiba, inaliongezea uzito. Jamii yenye migogoro ya kweli ndiyo inayohitaji zaidi watu wanaoweza kutofautisha jirani na adui, uvumi na habari, kijana anayekimbilia matatu na kijana anayekimbia baada ya kuiba. Mara ngapi kundi la watu limemzingira mtu sokoni kwa kelele ya sauti moja, kila mmoja akiwa na hakika ya alichokiona? Hofu ikiwa ya umma, makosa ya jicho moja huzidishwa kwa idadi ya macho.

Sheria ipo. Jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo kwa wananchi wao. Mwaka 2023 serikali kuu ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, wenye mikoba ya vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mikono ipo, na ujuzi uliojaribiwa upo palepale Bungoma, umbali mfupi wa matatu kutoka Kitale. Kinachokosekana ni mafunzo, usimamizi wa kila wiki na posho isiyocheleweshwa, kwa sababu mshauri wa kujitolea asiyesimamiwa husahau ufundi wake, na asiyelipwa huenda kutafuta riziki.

Kwa hiyo mabunge ya kaunti za Bungoma na Trans Nzoia yaandike kifungu cha bajeti kwa jina, chenye fedha za kufunza na kusimamia washauri wa shule na wa vijiji, kuanzia kata zilizoumizwa zaidi na vita vya mlimani na machafuko ya uchaguzi. Polisi na waendesha mashtaka wapime ushahidi wa utambuzi wa usiku kwa kipimo ambacho majaji wa Afrika Mashariki walikiweka tangu mwaka 1953. Na wewe mwalimu, kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba mtoto hana umakini, tafuta kwanza anaangalia nini.